Marjani Hakalii Mtu Mbaya

Jumatatu, 8 Septemba

Paka amenikalia tena. Tangu tulipofungua duka hadi adhana ya adhuhuri. Miguu imekufa ganzi. Risiti za asubuhi nimeziandika kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia alikuwa ameulalia. Mteja mmoja akauliza kama zamani nilikuwa daktari. Sikucheka. Nilikuwa napumua kwa zamu.

Niweke wazi hapa, kwa kuwa hakuna mwingine atakayesoma. Naogopa paka. Naogopa macho yao, kucha zao, na ile tabia ya kutua bila kishindo. Kwetu Mwika paka alikaa jikoni kwenye majivu, sisi tukakaa sebuleni, na kila upande uliheshimu mpaka. Lakini siku ya usaili Bi Hamdiya, mwenye duka, hakugusa cheti changu cha stashahada ya uhasibu. Aliuliza swali moja tu: napenda paka? Nikajibu nawapenda mno. Nikaongeza kwamba nimelelewa nao. Hofu hunifanya niongeze maneno.

Tangu hapo Marjani, paka wake wa rangi tatu, ameyageuza mapaja yangu kitanda.

Leo kuna habari. Mzee Seifu, mtunza stoo, magoti yamemshinda. Anarudi kwao Pangani. Ghassan, mtoto wa Bi Hamdiya anayeendesha biashara, aliniita mimi na Rogath, muuzaji wetu. Alisema bila kuinua macho kwenye simu kwamba soko la mchele limekuwa gumu. Atakayepewa ufunguo wa stoo Ijumaa ya wiki ijayo atabaki. Mwingine amshukuru Mungu kwa aliyojifunza.

Nilitarajia mtihani. Nilianza hata kukumbuka kanuni za ukaguzi wa bidhaa. Bi Hamdiya akasema mambo yatakuwa kama alivyofanya marehemu mumewe. Baada ya swala ya Ijumaa mkeka utatandikwa dukani, ubani utafukizwa, kahawa itanywewa, na paka ataachiwa. Atakayekaliwa ndiye mwenye ufunguo. Mzee Seifu mwenyewe alichaguliwa na bibi yake Marjani, na miaka yote hiyo haukupotea hata mchele wa kuku. Paka hakalii mtu mbaya, akasema.

Ghassan alikohoa. Mama ni mama.

Kwa hiyo naongoza. Nikishindwa, narudi Mwika kwa mjomba Isidori kukata majani ya ng'ombe, na mama ameshatangaza usharikani kwamba mwanawe ni mhasibu mjini. Ningepaswa kufurahi. Ninachofikiria ni siku zote zilizobaki, na paka akiwa juu yangu katika kila moja.

Jumanne, 9 Septemba

Panya aliyekufa ndani ya begi langu. Amelazwa vizuri juu ya hotipoti ya chakula, mkia umenyooka. Nilipiga yowe ambalo makuli wa ng'ambo ya Mtaa wa Mkunguni walilisikia na kuliiga mpaka jioni.

Bi Hamdiya alitoka nyuma ya mizani. Nikajua nimefukuzwa. Badala yake alishika mashavu. Alisema Marjani hajawahi kumpelekea mtu windo tangu marehemu afariki. Alinitazama kama mtu anayetazama mkwe.

Wakati wa chakula (sikula) nilisoma kwenye simu. Wapo wataalamu wanaodhani paka humletea mtu mawindo kwa kuwa anamwona kama mtoto wake, asiyejua kujitafutia. Nina stashahada. Paka anaona sijiwezi. Kuna siku nakubaliana naye.

Nimesoma pia kwamba anaposugua shavu kwenye suruali yangu hanibembelezi. Ananipaka harufu yake ili wengine wajue mimi ni mali ya nani. Sikuwa na raha hata kidogo baada ya kusoma hivyo.

Rogath anapenda paka kweli. Hilo ndilo linaloniuma kidogo. Kila siku anamletea dagaa. Anainama, anamkodolea macho, anatandaza mikono, anamwita mama, kipenzi, malkia. Marjani anatimka chini ya magunia ya maharage. Leo Rogath alibaki amechutama na dagaa mkononi kama mtu aliyeachwa stendi. Kisha akanigeukia mbele ya makuli wote.

"We msomi, huyu mnyama umempa limbwata gani?"

Makuli wakacheka. Bi Hamdiya hakucheka. Alilisikia neno limbwata, akanitazama kidogo. Kidogo tu. Lakini niliona.

Alhamisi, 11 Septemba

Mtu mwenye akili angekaa kimya mpaka Ijumaa ile. Mimi nina akili, lakini pia nina mapaja.

Jana alinikanda tumboni kwa kucha muda mrefu. Simu inasema ni tabia ya utotoni, ya kukamua ziwa la mama. Nilitoka jasho hadi daftari likalowa. Leo asubuhi nikaja na mpango. Sikutaka aniache kabisa. Nilitaka apunguze. Anikalie asubuhi, anipumzishe mchana. Utaratibu tu, kama ofisi nyingine.

Paka hawapendi harufu ya ndimu. Hilo nimelithibitisha katika kurasa kadhaa. Nikanunua ndimu kwa mama wa mboga, nikakamulia kwenye suruali, kwa kipimo, kila paja sawa na jenzake.

Mpango umefanya kazi. Marjani aliruka kama kawaida, akanusa, uso ukakunjamana kama wa bibi aliyelishwa shubiri, akashuka. Alinitazama kutoka juu ya mizani. Nikaandika risiti kwa mkono wa kulia. Nilikuwa mtu huru katika jiji la Dar es Salaam.

Ghassan alipita akauliza nani anatengeneza kachumbari. Mteja mmoja akauliza kama siku hizi tunauza na samaki.

Saa ya kufunga, Bi Hamdiya alikuja mezani kwangu taratibu. Alisema Marjani hajanikalia leo. Nikasema labda joto. Akasema hakuna joto. Kisha akauliza jana baada ya kazi nilikwenda wapi, na kwa nani.

Nilikwenda chumbani kwangu, mtaa wa Gerezani, nikala mkate. Ndivyo nilivyomjibu. Hata mimi mwenyewe niliona jibu halitoshi.

Ijumaa, 12 Septemba

Nimefua suruali mara mbili. Haisaidii. Marjani ananizunguka kwa mbali kama mtu anayepita karibu na nyumba anayodaiwa. Harufu imetoka, lakini kumbukumbu imebaki.

Baada ya swala Bi Hamdiya alifukiza ubani dukani kama kila Ijumaa. Leo alikipitisha chetezo kwenye kiti changu peke yake. Kisha akamwambia Ghassan akakague stoo upya, gunia kwa gunia. Paka anajua ambalo binadamu halijui, alisema. Ghassan alikagua. Hakuna kilichopungua. Bi Hamdiya akasema basi bado.

Bado. Neno hilo nimekuwa nalo siku nzima.

Rogath anaimba. Anafungasha mchele huku anaimba. Amenipigapiga bega na kuniambia nisijali, Mwika kuna hewa nzuri.

Nikaenda kumwona dada Josepha, anayetupikia wali kwenye kona. Nilimweleza shida bila kutaja ndimu. Akasema mimi mjinga, paka unamrudisha kwa tumbo. Kitu kitamu, na maziwa. "Kaka Heri, hiyo hata mtoto wa chekechea anajua," akasema, na mwiko wake ukanionyesha njia ya dukani.

Sikutaka kumwamini bila ushahidi. Mimi ni mtu wa ushahidi. Nikafungua simu. Ukurasa ukasema: "Watu wengi wanaamini kwamba paka na maziwa..." Hapo bando likaisha.

Sentensi iliyobaki nimeimalizia mwenyewe. Haikuwa ngumu.

Jumamosi, 13 Septemba

Kwanza nimemletea kashata. Hakuigusa. Hakuinusa hata. Aliitazama kama unavyotazama jiwe. Nilimega kipande nikala ili aone mfano. Akaenda zake. Josepha akasema labda amezoea vya Kiarabu. Nikanunua kipande cha halua. Vilevile. Rogath alikila.

Kisha maziwa. Mabichi, bakuli zima, nyuma ya magunia ya sukari wakati Bi Hamdiya yuko msalani. Marjani alikunywa mpaka bakuli likasogea sakafuni. Alipomaliza alikuja moja kwa moja mezani, akaruka, akakaa mapajani pangu. Nikatetemeka kama zamani. Sijawahi kutetemeka kwa furaha namna ile.

Bi Hamdiya alitoka, akaona, akaweka mkono kifuani. Akasema alhamdulillahi, pengine alikuwa na hasira zake tu. Akanimiminia kahawa kwa mkono wake.

Rogath ameacha kuimba.

Nimemaliza wiki nikiwa juu. Kabla ya kufunga nimempa bakuli la pili, la kumshikilia Jumapili.

Jumatatu, 15 Septemba

Sijui nianzie wapi. Nianzie kwenye kiti.

Ghassan ana kiti cha ngozi alichokileta kutoka Guangzhou. Hakuna anayeruhusiwa kukikalia, hata mama yake hukisifu akiwa amesimama. Marjani, aliyelala dukani jana na juzi, ameharisha juu ya kiti hicho. Pia kwenye gunia la mchele wa Kyela. Pia kwenye viatu vya Rogath vya kubadilishia, jambo ambalo siku nyingine lingenifariji.

Alikuwa amelala pembeni, macho madogo, anakoroma ule mkoromo wa paka wa kuridhika. Bi Hamdiya akasema afadhali, ana raha. Mimi nimesoma kwamba paka hukoroma hivyo hata akiwa na maumivu, ajitulize. Nilijua. Nilisimama pale na maarifa yangu yote na sikusema.

Daktari wa mifugo akaja. Akamshika tumbo, akauliza ni nani aliyempa maziwa. Akaeleza, kwa sauti ambayo mtaa mzima uliisikia, kwamba paka mkubwa aghalabu hawezi kuyasaga maziwa, yanamvuruga. Ni imani ya watu tu. Bila shaka ndivyo sentensi ile ilivyoishia.

Bi Hamdiya akasema nani angefanya hivyo, kila mtu hapa anampenda Marjani. Rogath akanitazama. Josepha, aliyekuja kudai vyombo, akatazama barabarani.

Daktari akaongeza kwamba mgonjwa atapona, na kwamba ana mimba.

Hapo duka likachangamka. Bi Hamdiya alilia machozi ya aina nyingine. Nikaona mlango umefunguka. Nikasema moyoni: Heriel, sasa waonyeshe wewe ni nani, wasahau maziwa. Nikakohoa. Nikasema, kwa heshima zote, kwamba kisayansi inafurahisha, maana paka mmoja anaweza kuzaa watoto wa mzao mmoja wenye baba tofauti. Kila mtoto na wake.

Ghassan akarudi kwenye simu yake.

Nikadhani hawajaelewa. Nikafafanua.

Bi Hamdiya alivua sehemu ya mtandio wake akamziba Marjani masikio. Akaniuliza, taratibu sana, kama namaanisha Marjani wake, aliyezaliwa kwenye nyumba hii, mjukuu wa paka wa marehemu, ni wa kuzurura. Nikasema siyo yeye tu, ni paka wote. Hilo nalo halikusaidia.

Daktari akafunga mkoba wake akisema kijana hajakosea. Hakuna aliyemsikiliza. Rogath alikuwa nje, ameshikilia nguzo ya umeme, anacheka bila sauti.

Jumanne, 16 Septemba

Shikamoo yangu imejibiwa kwa midomo tu. Marahaba haikutoka.

Marjani amepona. Anatembea dukani kote isipokuwa mezani kwangu. Nimehesabiwa makosa yote: ndimu, maziwa, na heshima yake.

Nimeweka bando. Nimesoma kwamba paka hawasikii ladha ya sukari kabisa. Ulimi wao haujaumbwa hivyo. Kashata yote ile ilikuwa kwangu.

Nimefikiri vizuri leo. Kama mimi siwezi kupanda, basi Rogath asipande. Kukiwa hakuna atakayekaliwa, Ghassan atalazimika kuleta mtihani wa kweli, wa hesabu, na hapo Rogath atatafuta kalamu inaandikia upande gani.

Kwa hiyo nimemwendea kwa upole, kama ndugu wa mlima mmoja. Nikamwambia siri ya limbwata langu. Nikamwambia hajui paka. Asimwite. Asimtazame. Asimpelekee kitu. Ampe mgongo, akae kama hayupo. Paka, nikamwambia, anamtaka mtu asiyemtaka.

Niliyatunga yote palepale, nikiwa nimeegemea mizani. Ni kinyume cha kila kitu ambacho mtu mwenye moyo angefanya. Macho ya Rogath yakalegea. Akasema hakujua nina roho nzuri hivi. Akaninunulia chai na chapati, akanisimulia kuhusu paka aliyekuwa naye utotoni Kibosho, aliyekuwa anamsindikiza shule mpaka kwenye daraja.

Chapati ilikuwa nzuri. Niliimaliza kwa shida.

Jumatano, 17 Septemba

Kuna tatizo.

Rogath alikaa asubuhi yote akiwa amempa Marjani mgongo, anapekua simu. Nilimtazama kwa huruma ya mshindi. Marjani akatoka chini ya magunia. Akamzunguka. Akasugua shavu kwenye soksi yake.

Rogath hakugeuka. Alifuata maagizo yangu barabara. Machozi yalikuwa yanamtoka.

Nimefungua simu. Ni kweli. Paka wengi huona mtu anayewakodolea macho na kuwanyooshea mikono kama tishio. Humwendea anayekaa kimya na kutazama kwingine. Ndiyo maana mara nyingi humfuata mgeni anayewaogopa kuliko wote.

Nimeisoma sentensi hiyo ya mwisho mara nyingi. Nilitunga uongo nikatoa ukweli. Tena nimeutoa bure.

Alhamisi, 18 Septemba

Kesho ndiyo siku. Leo nimejaribu njia ya macho.

Simu inasema ukimtazama paka na kufumba macho polepole, kisha ukafumbua polepole, kwake ni salamu ya amani. Marjani alikuwa juu ya rafu ya ngano karibu na mlango. Nikaanza. Nikafumba. Nikafumbua. Nikafumba tena, kwa upendo niliouweza.

Sikuona kwamba chini ya rafu alikuwa amesimama Bi Badria, mteja wetu wa shughuli za harusi, anachagua mchele. Alivumilia mara kadhaa. Kisha akamwendea Ghassan akamuuliza yule karani wenu anaumwa, au hana adabu.

Ghassan amenipa onyo kwa maandishi. Ndiyo barua pekee niliyopata dukani hapa yenye jina langu kamili.

Marjani alifumba macho. Lakini alikuwa analala. Paka, nimesoma, hulala sehemu kubwa ya maisha yake. Namwonea wivu.

Mjomba Isidori amepiga simu kuuliza lini ninaajiriwa rasmi. Mama alikuwa nyuma yake, nasikia sauti yake inauliza kama nimenenepa. Nimesema kesho. Nimesema mambo yako vizuri. Hofu hunifanya niongeze maneno.

Ijumaa, 19 Septemba

Niandike kwa utulivu.

Mpango wangu wa leo ulikuwa samaki. Kipande cha changu wa kukaanga kutoka kwa Josepha, kwenye karatasi, mfuko wa kulia wa suruali. Kama siwezi kupendwa, angalau ninukie.

Walirudi kutoka msikitini. Mlango ukarudishwa nusu. Mkeka ukatandikwa katikati ya magunia. Bi Hamdiya akafukiza ubani, akamimina kahawa kwa Mzee Seifu kwanza, kisha kwa Ghassan, kisha kwetu. Ufunguo uliwekwa kwenye sinia, pembeni ya tende. Ni ufunguo mkubwa wa kizamani. Sijawahi kutamani chuma namna ile.

Rogath aliketi upande mmoja. Akageuka mgongo, akatazama ukuta. Ghassan akamuuliza vipi, umenuna? Rogath akasema hapana bosi, ndivyo inavyotakiwa. Mimi nikaketi upande wa pili. Marjani akaachiwa.

Nilipomwona anashuka kwenye kapu lake, tumbo limeanza kuonekana, kucha zinagonga saruji, hofu yote ya siku zote ikanirudia. Nikasahau samaki. Nikasahau Mwika. Nikafumba macho, nikainamisha kichwa, nikakaa pale kama gunia. Nilikuwa naomba tu apite.

Nikasikia Mzee Seifu akivuta pumzi. Nikasikia kitu laini kwenye goti.

Nikafumbua jicho moja. Ameweka mguu wa mbele juu ya paja langu. Mmoja. Mwingine bado uko mkekani. Bi Hamdiya ameweka kiganja mdomoni. Ghassan ameshusha simu, jambo ambalo sijawahi kuliona.

Mguu mmoja siyo kukaa. Hilo ndilo nililofikiri. Mguu mmoja ni ushahidi pungufu, mtu anaweza kuupinga. Nilihitaji kuthibitisha. Nikatoa samaki. Nikamkodolea macho ili aone nia yangu. Nikamwita: njoo mama, njoo kipenzi. Na nikamshika kiunoni kwa mikono miwili, nimmalizie safari.

Mkono wangu wa kushoto una mistari minne. Wa kulia nimeufunga kitambaa, sijahesabu. Kahawa ilimwagika kwenye tende. Marjani alipita hewani kama nguo iliyotupwa, akatua mahali pekee palipokuwa na utulivu katika duka lile, yaani mapajani kwa Rogath, ambaye alikuwa bado anatazama ukuta. Akajizungusha mara moja. Akalala.

Rogath hakusogea. Aliuliza kwa kunong'ona ni nani huyo.

Bi Hamdiya akampa ufunguo. Mzee Seifu akampa baraka. Samaki alikuwa mkekani, hakuna aliyemla.

Wakati naondoka Bi Hamdiya alinisindikiza hadi mlangoni. Alinifunga kitambaa upya, maana nilikuwa nimekifunga vibaya. Hakuwa na hasira tena, na hilo lilinisumbua zaidi. Akasema: "Ungekaa tu, mwanangu. Ungekaa tu hivyohivyo ulivyokuwa."

Sijui alimaanisha nini. Nilikuwa nimekaa.

Jumatatu, 22 Septemba

Mchikichini. Rogath amenitafutia kazi kwa shangazi yake Theopista, anayeuza viatu vya mitumba. Kazi yangu ni kutafutia kila kiatu chenzake. Vingi havina. Shangazi Theopista hajauliza cheti. Rogath alimwambia mimi ni kijana wa moyo safi, niliyemfundisha mshindani wangu mwenyewe namna ya kushinda. Alisema hivyo mbele yangu. Nikatazama viatu.

Sijapiga simu Mwika. Mama anajua nimeajiriwa. Sijamwambia wapi.

Leo nimepata nafasi ya kuchambua kilichotokea, bila jazba, kama mtu aliyesoma. Nimefikia uamuzi. Kosa lilikuwa samaki. Changu ana miba. Paka mwenye mimba anaogopa miba. Ningeleta kibua. Inawezekana pia niliketi upande usiofaa wa mkeka, ule wenye upepo, ndiyo maana Bi Hamdiya alisisitiza habari ya kukaa.

Rogath alipita mchana kunijulia hali, ufunguo unaning'inia shingoni. Amesema Bi Hamdiya anauliza kama nitataka mtoto mmoja wa Marjani watakapozaliwa. Anasema paka aliwahi kunikubali, hilo haliwezi kufutwa.

Nikatazama kwanza mikwaruzo mkononi. Kisha nikaanza kuona mbali. Rogath naye siku moja magoti yatamshinda. Mkeka utatandikwa tena. Paka atakayeachiwa siku hiyo atakuwa wa ukoo wa Marjani. Na kama paka huyo atakuwa amelelewa na mimi tangu siku ya kwanza, amefundishwa na mimi, kila siku, kwa ratiba, kunikalia mimi na si mtu mwingine...

Nimenunua bando la mwezi mzima. Nimeazima pia glovu za fundi wa gereji jirani, zile za kuchomelea, zinafika kwenye kiwiko.

Nimemtuma Rogath amwambie Bi Hamdiya nashukuru sana, na kwamba naomba wawili. Mmoja akinikataa, nibaki na wa akiba.